Zuio la Tindiga na Mzee wa Getini

Marahaba, wanangu. Najua hamjaniamkia bado, ila nimeitikia mapema kwa sababu juzi nilipopita ofisini kuchukua mwavuli wangu, wawili wenu walinipungia mkono huku macho yakiwa kwenye simu. Sikuchukia. Haya, nilichukia kidogo. Halafu nikakumbuka kwamba kazi yangu yote mjini hapa niliifanya kwa kusikiliza watu wanavyosalimiana, na kosa langu kubwa kuliko yote lilitokana na salamu. Nikaona niwaandikie.

Mimi ni Mwajuma. Kariakoo waliniita Mama Samansi, na kuna maduka ambayo wakiniona nimetokea kona ya mtaa, mwenye duka anakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa hospitalini. Kazi yangu ilikuwa kupeleka hati za mahakama. Mtu akishtakiwa, mahakama humwandikia karatasi ya kumwita, yaani samansi, na karatasi hiyo lazima imfikie. Wakili anaweza kuzungumza vizuri mpaka jaji akasahau chakula cha mchana, lakini kama mshtakiwa hajapata karatasi, kesi haiendi popote. Anayeipeleka ni mtu mwenye kikapu na viatu vilivyolika upande mmoja.

Kikapu ni muhimu, nisikilizeni. Ninyi mlioirithi kazi hii mnatembea na bahasha za kaki zenye mhuri, mtu anawaona toka ng'ambo ya barabara. Mimi hati nilizifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaziweka chini ya kikapu, juu yake nikatandaza mchicha. Hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo anayemkimbia mwanamke mwenye mchicha.

Siku hizi mahakama inaruhusu mambo mengi. Mnatuma kwa barua pepe, mnatuma kwa WhatsApp, mnakaa kwenye kiti mnangoja tiki mbili zigeuke bluu. Siwaonei wivu, maana magoti yangu yangependa sana hizo tiki. Ila tiki haikwambii simu imeshikwa na nani. Inaweza kuwa imeshikwa na mtoto anayecheza gemu.

Kuna bwana mmoja wa vitenge pale Mtaa wa Msimbazi, nilimfuata mara tatu. Mara ya nne nikamkuta amekaa dukani kwake anakula chipsi mayai. Nikamuuliza mwenye duka yuko wapi, akanijibu bila kupepesa, "Huyo bwana alishafariki, mama." Mimi nikaweka kikapu chini, nikajifunga khanga kiunoni, nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, wanangu, nikimtaja jina na wema wake wote ambao sikuujua. Wachukuzi wakaweka mizigo. Mama wa duka la pili akaja mbio na khanga kichwani, "Jamani, nani kafa?" Nikamtaja marehemu. Yule mama akamtazama bwana na chipsi zake, akasema, "Huyu hapa si anakula?" Bwana akapokea samansi yake na kidole bado kina tomato sosi. Lile doa lilifika mpaka mahakamani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Pazi, Mzaramo wa hapa hapa, mwembamba, mwenye baraghashia ambayo hata ikifuliwa haikubali kuwa nyeupe. Alikuwa akipeleka samansi tangu maduka ya Gerezani yana milango ya mbao. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye duka moja la vyombo. Ndani kulikuwa na wanaume wanne, na kila tuliyemuuliza alisema yeye ni muuzaji tu, bosi kasafiri. Mimi nikataka kubishana. Mzee Pazi akaniuma sikio, "Twende tukanywe kahawa."

Tukakaa ng'ambo, kwenye benchi la muuza kahawa. Vikombe viwili, kashata moja tukigawana. Mzee Pazi akaniambia, "Usimuulize mtu jina. Jina mtu anaweza kulikana. Kaa uangalie nani anaamkiwa." Tukaangalia. Mchukuzi akapita, "Shikamoo, mzee." Mama ntilie akapita, "Shikamoo." Polisi wa zamu akapita, naye akaamkia. Wote walimwamkia mtu mmoja, aliyevaa kandambili na fulana yenye tundu, akipanga masufuria chini. Tulirudi dukani, Mzee Pazi akamtaja jina lake na kumpa karatasi, na yule bwana akacheka na kuipokea. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijiona nimepewa ufunguo wa mji mzima.

Ufunguo huo nilioutumia miaka mingi ndio ulionifedhehesha kwenye kesi ya tindiga, ile ardhi ya majimaji na matete kule bondeni.

Aliyetuletea kesi ni Bi Hawa. Alikuja ofisini na mafungu matatu ya matembele bado yanachuruzika maji, akaloanisha zulia la mapokezi, na kabla hajakaa akatuomba radhi kwa zulia. Yeye na wenzake walikuwa wanalima mboga kwenye Bonde la Msimbazi, na nyumba zao ziko pembeni ya bonde hilo. Mboga zao ndizo mlizokuwa mnakula ninyi bila kujua, maana kila alfajiri zilipanda mjini kuuzwa Kariakoo.

Wakili wetu alikuwa Hansa, binti wa familia ya Kihindu ya hapa mjini, babu yake aliuza nyuzi Mtaa wa Uhuru. Alikuwa na sauti ndogo na uvumilivu mkubwa. Akamwuliza Bi Hawa shida ni nini.

"Wanatuchimbia tindiga, mama wakili," Bi Hawa akasema. "Wamekuja na kijiko, lile katapila la kuchimbia, na matipa. Wanachukua mchanga toka asubuhi mpaka jua linazama. Matete wameng'oa, mafunjo wameng'oa. Pale palipokuwa na maji ya kufika kwenye vifundo pana shimo la kumeza nyumba."

"Mmewaambia waache?"

"Wana karatasi ya leseni, wanatupungia. Mimi sisomi vizuri. Ninachojua, mvua ya masika ikija, tindiga ndilo linalokunywa maji kabla hayajaingia ndani kwetu. Wakilimaliza, maji yatainywa nyumba yangu. Nina wajukuu wanne mle ndani."

Siku ya pili yake Hansa alivaa mabuti ya mpira, akanichukua, tukashuka bondeni. Leseni tuliipata nakala: ilikuwa ya kuchimba mchanga mahali pengine kabisa, mbali na hapo. Na sheria ya mazingira inasema wazi kwamba ndani ya mita sitini toka kingo za mto hakuna ruhusa ya shughuli za kuharibu. Hansa alishika ncha moja ya futi ya fundi, mimi nyingine, tukapima toka ukingoni hadi kwenye shimo. Futi ilikuwa ndefu kuliko umbali, mita sitini hazikufika hata karibu. Nilizama tope mpaka magotini na kandambili yangu moja iko huko hadi leo, labda imeota.

Tukafungua kesi Mahakama Kuu, kule Kivukoni. Bi Hawa na wenzake waliomba uchimbaji usimame mpaka kesi isikilizwe. Jaji aliwasikiliza, akatoa zuio la muda mfupi, akapanga tarehe ya pande zote mbili kufika. Akasisitiza kwamba hati na zuio vimfikie mkurugenzi wa kampuni yeye mwenyewe, maana ndiye aliyeshtakiwa kwa jina lake pamoja na kampuni. Jina lake lilikuwa Fadhili. Zuio lile lilikuwa na uhai mpaka siku ya tarehe tu. Kama asingekuwa ameletewa kihalali, lingekufa, na kijiko kingeendelea. Masika haikuwa mbali.

Hansa akaniwekea hati mkononi. "Mwajuma, hii ni yako."

"Umeshampata," nikamjibu. Ndivyo nilivyojibu, kwa midomo yangu hii.

Ofisi iliyoandikwa kwenye usajili wa kampuni ilikuwa chumba cha ghorofa ya tatu chenye kufuli lililoshika kutu. Nikaulizia madereva wa matipa, wakanielekeza yadi moja Gerezani, nyuma ya maduka ya nondo na mabati. Nikakaa kwa mama ntilie aliye mkabala na geti, nikaagiza chai na vitumbua, nikaanza kuangalia nani anaamkiwa.

Jibu lilikuja upesi mno, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Ndani ya geti, kwenye kiti cha plastiki, alikaa mzee mwenye koti la suti na kofia ya kufuma. Dereva akiingia, "Shikamoo." Fundi akitoka, "Shikamoo, mzee." Likaja gari safi, akashuka kijana wa shati zuri, naye akaamkia. Mama ntilie wangu mwenyewe alimpelekea chai kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, Fadhili, umekwisha.

Nikavuka barabara, nikaamkia kwa heshima zote. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nina mzigo wako umetoka mahakamani."

Akaupokea kwa mikono miwili. Nikampa kalamu, akasaini taratibu sana, ulimi nje kidogo, nikashukuru nikaondoka. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilikunja nakala yangu bila kuitazama. Sikumwita mtu wa kushuhudia kwamba huyu ndiye mwenyewe, ingawa sheria inataka jina la anayemtambulisha mpokeaji. Nilimwona mama ntilie pale, ningeweza kumwita. Nilijiona sihitaji. Nikaenda kwa kamishna wa viapo, nikaapa kwamba nimempa Fadhili mkononi.

Siku ya tarehe mahakama ilijaa wakulima wa mchicha, wamevaa nguo zao za Idi. Wakili wa kampuni alisimama, mwembamba, mwenye tai ya zambarau. Akasema mteja wake hajawahi kuona karatasi yoyote. Akaomba mheshimiwa jaji aitazame sahihi ya mpokeaji, kwenye nakala iliyoambatanishwa na kiapo cha mpeleka samansi.

Jaji akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, polepole: "Salehe. Mlinzi wa geti."

Watu walicheka. Nyuma walicheka, karani alicheka akajifanya anakohoa. Mimi nilihisi masikio yanawaka. Mzee niliyempa alikuwa mlinzi. Aliamkiwa na wote kwa sababu alikuwa mtu mzima kuliko wote, basi. Na aliandika ukweli wake pale, kwa herufi kubwa, mbele ya macho yangu.

Jaji hakucheka. Alisema kiapo hicho hakifai, zuio limefikia mwisho wake, na hati zipelekwe upya. Akapanga tarehe nyingine. Tulipotoka nje, Bi Hawa hakunikemea, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinishika mkono akasema, "Pole, mwanangu." Mimi niliyewaponza ndiye niliyepewa pole. Nikaingia chooni kwa kina mama nikalia, na safari hii sikuwa naigiza.

Hansa akanifuata, akasimama nje ya mlango. "Mwajuma, kulia ni leo tu. Kesho unaanza upya."

Kampuni walijua wana nafasi, wakaleta kijiko cha pili. Ndani ya siku chache matuta mawili ya matembele ya Bi Hawa yaliporomokea shimoni. Alinionyesha. Mashina yalikuwa yamening'inia ukingoni yakiwa bado na majani mabichi, na chini yake maji meusi. Toka pale hadi ukuta wa nyumba yake ningeweza kurusha kandambili yangu iliyobaki. Nilishindwa hata kumtazama usoni.

Nilikwenda kwa Mzee Pazi. Alikuwa ameshastaafu siku nyingi, anaumwa miguu, analala ukumbini kwake. Nilipomsimulia alicheka mpaka akapaliwa, mkewe akaja kumpiga mgongoni.

"Mzee, unanicheka na watu wanazama?"

"Nacheka kwa sababu na mimi yamenipata," akasema akifuta macho. "Sikukwambia, si ungeacha kuniheshimu? Zamani matajiri walikuwa wazee, ukiona anayeamkiwa umemwona tajiri. Siku hizi mabosi ni watoto. Wao ndio wanaoamkia."

"Sasa niangalie nini?"

"Mimi nitajua wapi? Miye nimelala. Nenda kaangalie mpaka uone."

Basi nikarudi kwa mama ntilie. Nilikaa siku mbili nzima. Chai nilikunywa mpaka nikawa naisikia tumboni ikicheza. Mzee Salehe alikuwa kwenye kiti chake kile kile, wanamwamkia, anaitikia "Marahaba" akiwa ameketi. Dereva, "Marahaba." Fundi, "Marahaba." Yule kijana wa shati zuri na gari safi, "Marahaba," tena huku anachokoa meno. Wote sawa, na mimi sioni kitu.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, akaja kijana kwa bodaboda. Kaptura, jezi ya mpira, kandambili, mkononi mfuko wa maandazi. Ningemkuta barabarani ningemtuma maji. "Shikamoo, mzee," akasema, akimpa mzee andazi. Mzee Salehe akasema "Marahaba, baba." Akasimama. Alijiinua kwenye kile kiti kwa shida, magoti yakimgomea, akavua kofia, na hakukaa mpaka kijana alipoingia ndani ya yadi.

Kikombe kilinibaki mdomoni. Miaka yote niliangalia nani anaamkiwa. Sikuwahi kuangalia mzee anamsimamia nani.

Kujua ni jambo moja, kuthibitisha ni jingine. Safari hii nilihitaji mtu wa kumtambulisha kwa jina, na nilijua mmoja tu aliyestahili kuniita mjinga. Nikavuka barabara. Mzee Salehe akaniona, akaanza kupapasa mifuko ya koti lake.

"Mwanangu, bora umekuja. Karatasi yako ninayo." Akaitoa, imekunjwa mara nane. "Nilidhani ni mambo ya geti. Herufi zenu ni ndogo kwa macho yangu, nikamwambia binti yangu anisomee nyumbani. Alipofika kwenye jina la bonde nikamwambia rudia. Akarudia. Mimi nakaa huko huko, chini kidogo ya huyo Bi Hawa aliyeandikwa humu."

"Hukujua mchanga unatoka wapi?"

"Mimi nafungua geti. Tipa likija na mchanga, nafungua, mchanga ni mchanga. Kumbe kila ninalolifungulia limetoka kuchimba mlangoni kwangu." Akakunja na kukunjua ile karatasi. "Nilimpa bosi, akaniambia nitupe. Sikutupa."

Nikamweleza ninachotaka. Nikamweleza pia kwamba huenda akaipoteza kazi siku hiyo hiyo, maana sikutaka kumdanganya mtu mzima. Akatazama geti, akatazama kiti chake.

"Geti nitapata jingine," akasema. "Nyumba ya pili sina."

Tukaingia pamoja. Kijana alikuwa ameegemea tipa, anakula andazi na madereva wanampigia hadithi. Akaniona, akaacha kutafuna. Alikuwa na adabu, lazima niseme.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Fadhili?"

"Fadhili? Ah, huyo hayupo, mama. Yuko China, kafuata mzigo. Mimi napiga stori tu hapa na masela."

Madereva wakatazama chini. Mzee Salehe alikuwa amesimama ubavuni kwangu, kofia mkononi, akasema:

"Bosi Fadhili, pokea. Huyu mama katoka mahakamani."

Madereva wakainua vichwa. Hata yule aliyekuwa anagonga bodi ya tipa akashusha nyundo. Kijana akamgeukia mzee.

"Mzee Salehe, umefanya nini sasa?"

"Nimetaja jina lako, baba. Sikusema uongo."

Fadhili akakunja mikono kifuani. Sheria hainilazimishi kumfungua mtu mikono. Nilitoa hati na zuio jipya ambalo Hansa alikuwa ameliomba na jaji akalitoa, nikaviweka juu ya kandambili zake, nikamsomea kwa sauti kila mstari, nikatazama saa, nikaandika saa. Nikamwandika na mama ntilie aliyekuwa ameshasogea getini kutazama, safari hii sikumwacha mtu. Halafu nikampa Mzee Salehe kalamu. Akasaini taratibu, ulimi nje kidogo. Nilisoma kila herufi kabla sijakunja: Salehe. Mlinzi wa geti.

Walimfukuza kazi kabla hatujafika barabarani. Kile kiti cha plastiki kilikuwa mali yake, akakibeba kichwani.

Tarehe ilipofika, yule wakili wa tai ya zambarau alisimama tena, lakini alikuwa ameishiwa. Jaji akavaa miwani, akasoma kiapo changu hadi mwisho, akainua uso. "Naona huyu mlinzi amerudi," akasema. Safari hii nilicheka na mimi. Mzee Salehe alikuwa benchi la nyuma, akadhani anaitwa, akasimama na kusema "Nipo, mheshimiwa." Jaji akamwomba akae.

Zuio likatolewa la kudumu mpaka kesi iishe. Kijiko kiliondoka bondeni juu ya lori, na akina mama wa mchicha walikisindikiza kwa vigelegele mpaka barabara ya lami, Bi Hawa mbele akipiga sufuria kwa mwiko. Nilipiga kigelegele kimoja kirefu sana, nikaumia koo, na ningepiga tena.

Masika ilikuja kweli. Siku ya mvua kubwa nilikaa dirishani sina raha, simu mkononi, kama ninyi mnavyokaa. Bi Hawa akanipigia. Nyuma yake nilisikia vyura. "Maji yamelala tindigani," akasema. "Yamefika kizingitini yakasimama. Watoto wamelala." Nilikaa chini sakafuni nikamshukuru Mungu, na sijui nilikaa hapo muda gani.

Kesi yenyewe ilichukua muda, mnajua zinavyokwenda. Hansa alileta ramani, akaleta wataalamu, akaleta na ile futi ya fundi ikiwa bado na tope. Mwishowe jaji akahukumu: uchimbaji ule ulikuwa haramu, hakuna mtu kuchimba tena pale, na kampuni ifukie mashimo na kupanda upya matete kwa gharama yake. Fadhili alikuja mwenyewe kusimamia ufukiaji. Alimwamkia Mzee Salehe. Mzee aliitikia akiwa ameketi.

Nilikuwa nimebakiwa na miezi michache ya kazi kabla ya kustaafu, na Hansa akaniachia mimi hati ya mwisho, nakala ya hukumu ya kuwapelekea walioshinda. Ingeweza kutumwa kwa simu. Nilikataa. Nikaiweka chini ya kikapu kama siku zote, nikashuka bondeni.

Matete yalikuwa yamenifika begani. Penye kijia cha kuingilia mashambani nikamkuta Mzee Salehe kwenye kiti chake cha plastiki. Wakulima walimpa kazi ya kulinda mboga na kuangalia tipa lolote lisiingie. Wachuuzi walikuwa wanapita na vikapu, "Shikamoo, mzee," na yeye "Marahaba, marahaba," ameketi, hana habari. Nami nikaamkia, akanikaribisha bila kunyanyuka. Nikakaa juu ya ndoo ubavuni kwake. Mazoea ya kazi hayaishi, nikaanza kuangalia.

Ndipo Bi Hawa akatokea kwenye matete, miguu peku, sketi imefungwa juu ya magoti, kichwani mzigo wa matembele unaochuruzika maji hadi shingoni. Mzee Salehe akashika mikono ya kiti, akajiinua, magoti yakimgomea, akavua kofia.

Sikuhitaji kumwuliza mtu jina. Nikatoa hukumu chini ya mchicha, nikampa Bi Hawa mkononi, na Mzee Salehe akatia sahihi kwamba ameshuhudia.